Maisha ya Aga Khan wa Tatu, na Mashine ya Mashua ya Kanga

Wasomaji wa jarida letu, muhula huu nimechagua kuwasimulia maisha ya Sultan Mohamed Shah, Aga Khan wa Tatu. Yamkini wengine watauliza mwanafunzi wa Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, ana nini na mtu aliyezaliwa Bara Hindi, akaishi sana Ulaya na kuzikwa Misri. Naomba mnivumilie, maana jibu limo katika mashine ya mashua ya mjomba wangu.

Mwaka jana wakati wa likizo mashine hiyo iliharibika. Kwetu Kanga kuna mabaharia hodari, na kuna mafundi wa kuchonga ngalawa na kukalafati mashua, lakini hapakuwa na hata mtu mmoja aliyesomea mashine. Ikabidi fundi aitwe kutoka mbali, nasi tukamngoja majuma matatu. Siku zote hizo mashua ilikaa juu ya mchanga, wavuvi saba waliokuwa wakienda nayo hawakupata kitu, na kina mama wanaokaanga samaki wa kuuza walikaa na makarai matupu.

Kaka yangu, ambaye mikono yake ni myepesi kwa kazi za vyuma, alitaka sana kwenda chuo cha ufundi. Lakini nani amlipie? Baba hakuwa na fedha za kutosha. Mjomba alisema kwamba akimlipia peke yake, kijana akihitimu atabaki mjini, naye atakuwa amepanda mnazi katika shamba la mtu. Wavuvi nao waliona kuwa jambo hilo ni la mwenye mashua. Basi kila mmoja alikuwa na haja, na kila mmoja alimtazama mwenzake. Nilirudi shuleni na fikira hizo, na ndipo nilipoanza kusoma habari za Aga Khan.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba mwaka 1877. Baba yake alifariki mwaka 1885, na mtoto huyo, hata miaka minane hajatimiza, akawa Imamu wa 48 wa Waislamu wa madhehebu ya Shia Ismailia. Fikirini wenyewe mzigo huo juu ya mabega ya mtoto. Mama yake, Lady Ali Shah, ndiye aliyemlea na kusimamia masomo yake, akajifunza Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza na Kifaransa. Labda kwa sababu hiyo hakudharau kamwe elimu ya wanawake. Aliwausia wafuasi wake kwamba mzazi mwenye mtoto wa kiume na wa kike, na fedha za kumsomesha mmoja tu, amsomeshe binti.

Alipokuwa mtu mzima sifa zake zilienea duniani. Alikuwa rais wa kwanza wa chama cha Muslim League cha Bara Hindi, kilichoanzishwa mwaka 1906, na mwaka 1937 alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la Umoja wa Mataifa wa zamani, kule Geneva. Farasi wake walishinda mbio kubwa za Derby za Uingereza mara tano. Watu wengi humkumbuka kwa farasi hao. Mimi nataka kuwaonyesha jambo jingine, nalo ni namna alivyojua kuwafanya watu wengi wachangie kazi moja.

Kule Aligarh, Bara Hindi, palikuwa na koleji ya Waislamu iliyoanzishwa na Sir Sayyid Ahmad Khan. Wengi walitamani iwe chuo kikuu, lakini fedha hazikuwapo. Aga Khan alikuwa tajiri, naye angeweza kutoa sadaka kubwa kisha akarudi kwake. Hakufanya hivyo tu. Mnamo mwaka 1911 aliongoza kampeni ya kuchangisha, akizunguka mji kwa mji na kuwaomba wakubwa na wadogo. Mwaka 1920 koleji ile ikawa chuo kikuu, nayo ikawa mali ya wote waliotia mkono.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Wafuasi wake walikuwa wamekwisha kaa katika miji ya pwani, kama vile Unguja, Bagamoyo na Mombasa, wakifanya biashara. Yeye mwenyewe alifika mara ya kwanza mwaka 1899, na mwaka 1905 shule ya kwanza ya Aga Khan katika nchi zetu ilifunguliwa Unguja. Mwaka 1937, kwa kuadhimisha miaka 50 ya uimamu wake, alipimwa kwa dhahabu mjini Nairobi, na mwaka huo huo kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa.

Kisha ikaja siku ambayo wazee wa Dar es Salaam waliisimulia kwa miaka mingi. Tarehe 10 Agosti mwaka 1946 Aga Khan alikaa katika mizani, na upande wa pili zikawekwa almasi mpaka zikalingana na uzito wake. Mtu akisikia hivi hudhani ni anasa tu. Lakini almasi zile ziliazimwa kwa ajili ya sherehe, kisha zikarudishwa kwa wenyewe. Kilichobaki ni fedha walizochanga wafuasi kwa heshima ya siku ile, nazo hakuzitia mfukoni. Zilitiwa katika shirika la Diamond Jubilee Investment Trust, ambalo lilikopesha watu kwa ajili ya biashara na kujenga nyumba. Mkopo ukirudi, humwendea mwingine. Hivyo sherehe ya siku moja ikawa mtaji wa miaka mingi.

Walakini fedha bila ujuzi hazifiki mbali. Wakati huo Waislamu wengi wa pwani walikuwa nyuma katika elimu ya shule. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi walichelea kupeleka watoto wao huko. Bandari na karakana zilihitaji mafundi, na vijana wa pwani waliishi karibu na kazi hizo pasipo ujuzi wa kuzifanya. Mwaka 1945 palianzishwa Mombasa chama cha kusaidia Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan akatoa ahadi ya ajabu: kila shilingi ambayo Waislamu wengine wangechanga, yeye angeongeza nyingine kama hiyo. Naomba mlitazame sana neno hili. Ahadi yake ilikuwa na sharti ndani yake. Asiyetoa kitu hakuongezewa kitu, na aliyetoa kidogo aliona kidogo chake kimekuwa maradufu.

Kwa moyo huo huo kilijengwa chuo cha ufundi cha Waislamu mjini Mombasa, kilichojulikana kwa Kiingereza kwa kifupi MIOME. Tazameni waliotia mkono: Aga Khan, ambaye ni Shia Ismailia, Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, ambaye ni Ibadhi, jamaa za Mabohora, na Serikali ya Kiingereza. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alitoa hati ya chuo mwaka 1948, na wanafunzi wa kwanza wa kutwa nzima waliingia mwaka 1951. Chuo hakikuwa cha Mombasa peke yake, bali kilikusudiwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Watu hawa hawakuwa wa madhehebu moja wala wa nchi moja. Kilichowakutanisha ni haja moja, yaani kijana wa pwani awe na kazi ya mikono yake, na wenye kazi wapate fundi karibu.

Sisemi kwamba kazi hiyo haikuwa na upungufu. Mlango ule ulikuwa wa Waislamu, na kijana wa dini nyingine, hata akiwa na kipaji gani, hakukusudiwa. Baada ya Kenya kupata uhuru jina lilibadilishwa mwaka 1966 kuwa Mombasa Technical Institute, na chuo kikawa cha watu wote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mbegu iliyopandwa kwa ajili ya kundi moja imekuwa mti wenye kivuli cha wengi.

Aga Khan alifariki Versoix, Uswisi, tarehe 11 Julai mwaka 1957, akazikwa Aswan, kando ya mto Nili. Alikuwa na umri wa miaka 79, na wanafunzi wa kwanza wa Mombasa walikuwa wameingia chuoni miaka sita tu kabla.

Hapa kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA inafuata fikira kama hiyo: waajiri hutozwa kodi ya ufundi stadi, na fedha hizo husaidia kufundisha vijana. Lakini mashua ya mjomba wangu, yenye wavuvi saba wanaogawana samaki, ni ndogo mno kuhesabiwa miongoni mwa waajiri hao. Kwa watu kama sisi hapana budi kupatana wenyewe.

Basi nilimwandikia mjomba barua. Nilimweleza kwa adabu habari za ile shilingi ya kuongezewa, nikamwomba awaambie wavuvi kwamba kila shilingi watakayochanga, yeye ataongeza yake, na baba atamalizia. Nilisema pia kwamba kaka akubali mbele ya wazee kufanya kazi Kanga miaka miwili atakapohitimu, na wao wakubali kumlipa ujira wake, siyo kumpa shukrani tu. Mjomba hakujibu kwa muda. Baadaye nilisikia kwamba barua ilisomwa barazani, wakabishana siku mbili. Waliomaliza ubishi ni wale kina mama wa makarai. Walikuja na mchango wao wa kwanza, wakalalamika kwamba hakuna aliyewauliza, ingawa mashua ikilala wao ndio hulala na njaa. Kwa kweli hata mimi katika barua yangu nilikuwa nimewasahau.

Mwezi uliopita kaka yangu alivuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati, akaendelea hadi chuoni. Je, atarudi? Mjomba bado ana wasiwasi, nami siwezi kumjibia kaka. Ila najua kwamba safari hii mnazi haukupandwa na mtu mmoja. Kila apitaye pwani ya Kanga ana haki ya kuuliza habari zake, na kaka anajua hivyo kila anaposhika spana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenzangu mnaotoka vijiji vingine, tazameni kwenu ni mashine gani imelala, ni kijana gani ana mikono myepesi, na ni nani ambao hawajaulizwa. Hapa naweka kalamu yangu chini.