Makhan Singh, mpiga chapa aliyeunganisha wafanyakazi

Nasikia watu wakisema vyama vya wafanyakazi vimekwisha: kazi siku hizi ni za mkataba mfupi, wafanyakazi wametawanyika, nani atawaunganisha? Mimi huwauliza kama wanamjua marehemu Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab mwaka wa 1913, akaja Nairobi mwaka wa 1927. Alijifunza kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa. Mwaka wa 1935 akawa katibu wa chama kilichokuwa cha mafundi Wahindi tu. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote: alifungua mlango. Chama kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mtu wa rangi yo yote akaweza kujiunga. Tukumbuke kwamba wakati huo serikali ya kikoloni ilitenga watu kwa rangi katika makazi, shule na hospitali, na mishahara pia. Mwajiri alitegemea utengano huo. Mwaka wa 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kama miezi miwili, wakaongezewa mishahara.

Alipokwenda India alizuiliwa huko tangu 1940 hadi 1945. Aliporudi Kenya mwaka wa 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Mei 1, 1949, yeye na Bwana Fred Kubai walianzisha East African Trade Union Congress, ambayo serikali ilikataa kuiandikisha. Aprili 1950, katika mkutano Kaloleni, alidai uhuru waziwazi. Mwezi uliofuata wote wawili walikamatwa, na Nairobi ikagoma zaidi ya wiki moja. Makhan Singh aliwekwa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol mpaka Oktoba 1961.

Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Kazi yao ni kuchuja picha na maneno machafu ya intaneti kwa niaba ya makampuni makubwa ya ng'ambo, lakini huajiriwa kupitia kampuni nyingine za katikati. Hapo zamani ukuta ulikuwa rangi. Leo ni karatasi ya mkataba.

Uhuru ulipokuja, wenzake wengi walipata vyeo. Yeye hakupewa kitu. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, kitabu kikatoka mwaka wa 1969. Alifariki Mei 1973.