Keynes: Mhazini aliyekinga mali ya chuo kwa hisa za ng'ambo

JOHN Maynard Keynes anakumbukwa kama mwanauchumi mashuhuri wa karne ya 20. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mhazini aliyetumia masoko ya ng'ambo kuilinda mali ya chuo chake.

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mnamo Juni 5, 1883. Alihudumu katika Wizara ya Fedha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajiuzulu 1919 kwa kupinga masharti makali waliyotwikwa Wajerumani.

Mwaka uliofuata alikopa fedha na kubashiri kwamba sarafu za Ulaya zingeshuka thamani. Zilipopanda kwa muda mfupi tu, alipoteza fedha zake na za marafiki waliomwamini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirejea sokoni, akalipa madeni yake.

Mnamo 1924 akawa mhazini mkuu wa Chuo cha King's, Cambridge. Vyuo vilizoea kuweka mali katika ardhi na hatifungani; yeye akageukia hisa. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 1929, mali yake binafsi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya robo tatu.

Hapo akabadili mbinu. Aliacha kuwinda mabadiliko ya bei, akachagua kampuni chache alizozielewa. Uingereza ilipoitenganisha pauni na dhahabu mnamo 1931, pauni ilidhoofika. Keynes akanunua hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Marekani nako, ambako mdororo wa uchumi ulikuwa umeshusha bei za hisa, alinunua zile za kampuni za umeme.

Kinga hiyo haikuwa kamili. Mnamo 1937 bei zilianguka New York na London kwa pamoja. Keynes, aliyekuwa angali na mikopo na akiugua moyo, alipata hasara kubwa. Hata hivyo, alikataa kuuza hisa za chuo kwa hofu.

Alipofariki Aprili 21, 1946, mfuko wa chuo alioupokea ukiwa na takriban pauni 30,000 ulikuwa umefikia takriban pauni 380,000. Maisha yake yalionyesha kwamba soko la mbali humfaa mwenye subira, wala halimwokoi anayekimbilia faida ya haraka kwa fedha za mkopo.