McNaughton: Jenerali aliyeshinda mizinga, akashindwa kwenye kura

Andrew McNaughton ni jina kubwa kwenye historia ya Kanada. Alikuwa jenerali, mwanasayansi, waziri na hata mwakilishi wa nchi yake Umoja wa Mataifa. Kitu kimoja tu hakukipata: kura za kumwingiza bungeni.

Alizaliwa Februari 25, 1887 huko Moosomin, mji mdogo ambao leo uko jimbo la Saskatchewan. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha McGill, Montreal.

Mtu wa hesabu

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, alikwenda Ulaya na kikosi cha mizinga. Alijeruhiwa mara mbili, lakini hakuacha kazi.

Baadaye akapewa jukumu zito: kutafuta mizinga ya Wajerumani iliyofichwa na kuinyamazisha kabla askari wa miguu hawajasonga mbele.

Hakutaka kubahatisha. Wataalamu walitega maikrofoni sehemu tofauti, wakapima sauti ya mzinga imefika kila sehemu saa ngapi, kisha wakapiga hesabu kujua ulipo.

Aprili 1917, kabla ya shambulio la Vimy, Ufaransa, zaidi ya asilimia 80 ya mizinga ya adui ilishajulikana ilipo.

Senti 20 kwa siku

Kuanzia 1929 hadi 1935 aliongoza jeshi la Kanada. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na vijana hawana kazi.

Mwaka 1932 akapendekeza kambi za kazi: chakula, malazi na senti 20 kwa siku. Mpango ulionekana mzuri kwenye makaratasi, ila vijana wenyewe waliuchukia. Mwaka 1935 wengi waligoma, wakadandia treni za mizigo kuelekea Ottawa kudai haki. Walizuiwa Regina na ghasia zikazuka.

Mwaka huohuo McNaughton akahamia Baraza la Taifa la Utafiti kama rais wake.

Kibarua cha wiki tatu

Vita ya Pili ilimrudisha jeshini. Aliongoza jeshi la Kanada lililokuwa Uingereza, lakini akakosana na wakubwa, na mwisho wa 1943 akaondoka.

Novemba 1944, Waziri Mkuu Mackenzie King akamwita. Askari wa miguu walikuwa wamepungua Ulaya. Waziri wa Ulinzi, Ralston, alitaka wanaume walioandikishwa kwa lazima kulinda nchi wapelekwe ng'ambo. King akamtoa, akamweka McNaughton, aliyeamini watu wa kujitolea wangetosha.

Kumbe hawakutosha. Ndani ya wiki tatu, makamanda wake walimwambia haiwezekani. Serikali ikageuka na kuruhusu watu 16,000 wapelekwe.

Sasa akawa hana pa kushika. Waliotaka watu walazimishwe walimwona amechelewa, na waliopinga walimwona ameuza msimamo.

Februari 1945 aligombea uchaguzi mdogo wa Grey North, Ontario, akaangushwa. Juni akajaribu tena Qu'Appelle, nyumbani Saskatchewan, akaangushwa tena. Agosti akaachia uwaziri.

Hakurudi kulima bustani

Akiwa na miaka 58, alianza upya. Aliongoza bodi ya Kanada ya kudhibiti nishati ya atomiki, akaiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa, na kuanzia 1950 hadi 1962 akaongoza upande wa Kanada kwenye tume ya pamoja na Marekani inayosimamia maji ya mpakani.

Baada ya kustaafu hakukaa kimya. Alipinga waziwazi Mkataba wa Mto Columbia wa 1961, akiona unawapa Wamarekani sauti kubwa mno juu ya maji ya Kanada. Mkataba ulianza kutumika 1964 hata hivyo.

McNaughton alifariki Julai 1966, akiwa na miaka 79. Bungeni hakuwahi kuingia, lakini kazi ya umma aliifanya karibu maisha yake yote.