Alexander Mackay na Makaburi Mawili

Huku Geita wako jamaa ambao watu wao walifukiwa katika mashimo ya dhahabu, na maiti zao hazikupatikana. Matanga hukaliwa bila kaburi, na sisi wazee huulizwa: je, huyu mtu yuko bado, au amekwisha kama taa iliyozimwa? Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kueleza maisha ya marehemu Alexander Mackay, aliyefia upande huu wa kusini mwa Ziwa Viktoria.

Mackay alizaliwa Rhynie, Uskoti, mwaka 1849, mwana wa mchungaji. Alisomea uhandisi, akatumwa na CMS, akafika Unguja mwaka 1876. Alitengeneza njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na mwaka 1878 akafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Alikuwa fundi wa kila kazi: alifua chuma, alijenga, alipiga chapa vitabu.

Mwaka 1882 mama yake Mutesa alifariki. Kabaka alitaka azikwe kwa fahari, akamwagiza Mackay kazi ya jeneza. Yakatengenezwa masanduku matatu, moja ndani ya jingine, mojawapo la shaba, na kaburi likajazwa nguo nyingi mno. Waganda hawakuwa na shaka kwamba wafu wangaliko. Wasukuma nao waliwatambikia wazee wao. Shaka ilikuwa nyingine: marehemu atadumu mpaka lini? Kasisi John Mbiti wa Kenya, Mwanglikana kama sisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi marehemu huhesabiwa kuwa mtu mwenye jina maadamu yuko aliye hai anayemkumbuka. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, jina nalo hupotea.

Sasa tumtazame Mackay mwenyewe. Mwaka 1887, wakati wa Kabaka Mwanga, alilazimika kuondoka Buganda, akahamia Usambiro. Huko aliendelea kufasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Februari 1890 homa ilimwua, naye ana miaka 40 tu. Hakuwa ameoa, wala hakuacha mtoto wa kulitaja jina lake. Alizikwa pale pale Usambiro, lakini mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Basi, Mackay yuko wapi? Kama mtu ni mifupa yake, alihamishwa kama mzigo. Kama mtu ni kumbukumbu ya wazao wake, alikwisha siku nyingi. Sisi hatukuona mtu aliyerudi kutueleza, wala hatutaki kujifanya tunajua tusiyoyajua. Lakini katika Kanuni ya Imani tunakiri ufufuo, na maana yake ni kwamba anayemshika marehemu asipotee si kaburi, si shaba, wala si watoto, bali ni Mungu aliyemwumba na kumjua kwa jina.

Kwa hiyo, ninyi mliofiwa bila kupata maiti, msidhani wenu wamepotea zaidi ya waliozikwa kwa jeneza. Leteni majina yao kwa Kasisi, yatajwe katika sala zetu. Hatuwataji ili wasife mara ya pili. Twawataja kwa kuwa tunatumaini kuonana nao.