Habari za Bwana August Krogh, Mchunguzi wa Vishipa vya Damu

Mtu apitaye Misungwi wakati wa mvua huwaona wakulima wa mpunga wakiyatawala maji katika majaruba yao. Maji hayatoshi kuyajaza majaruba yote kwa mara moja. Basi mwenye shamba hushika jembe, akafungua ukingo hapa, akauziba kule, hata kila jaruba likapata maji kwa kadiri ya haja yake. Mwili wa mwanadamu nao huigawa damu yake kwa namna iliyo karibu sana na hiyo, na habari hii tumeijua kwa kazi ya mtu mmoja wa nchi ya Denmark, jina lake August Krogh.

Bwana Krogh alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1874, katika mji wa Grenaa, ulioko pwani ya Jutland. Baba yake alikuwa fundi wa kuunda merikebu. Tangu utoto alipenda kuwachungulia wadudu na viumbe vingine vidogo, na alipoingia chuo kikuu cha Copenhagen akawa mwanafunzi wa Christian Bohr, mwalimu mwenye sifa kubwa katika elimu ya kazi za mwili. Mwaka 1905 alimwoa Marie Jørgensen, aliyekuwa akisomea udaktari, na tangu hapo ni vigumu kuieleza kazi ya mume pasipo kuitaja ya mke. Mwaka 1908 walisafiri pamoja mpaka Greenland, nchi ya barafu, wakawachunguza watu ambao karibu chakula chao chote kilikuwa nyama na samaki.

Bwana Bohr alifundisha kwamba mapafu huichukua oksijeni iliyo katika hewa na kuitia katika damu kwa nguvu zake yenyewe, kama tezi itoavyo mate. Krogh naye aliyasadiki hayo mwanzoni. Lakini yeye na mkewe walipopima kwa vyombo alivyovibuni mwenyewe, wakaona ya kuwa sivyo: oksijeni hupita tu kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache. Mwaka 1910 wakayatangaza. Katekista yeyote ajua ilivyo taabu kumpinga mbele ya watu mwalimu aliyekulea. Krogh aliandika kwa adabu, akakiri deni kubwa alilokuwa nalo kwa Bohr, walakini hesabu zake hakuzificha.

Kisha akaugeukia msuli. Mkono wa mtu anayelima huhitaji oksijeni nyingi kuliko mkono wa mtu aliyelala. Hiyo yatoka wapi? Wataalamu walidhani kwamba vishipa vidogo kabisa, vile vilivyo vyembamba kuliko unywele, viko wazi vyote siku zote, na ya kuwa wakati wa kazi damu huenda mbio zaidi, basi. Krogh alipiga hesabu akaona mbio peke yake hazitoshi. Akatia wino mweusi katika damu ya vyura na wanyama wengine wadogo, wengine wakiwa wamepumzika, wengine misuli yao ikifanya kazi. Akakata vipande vyembamba vya nyama, akavitazama kwa hadubini, akavihesabu vishipa vilivyoingiwa na wino. Katika msuli uliopumzika vilikuwa vichache, vingine vyote vimefumba. Katika msuli uliofanya kazi vilikuwa vingi mno. Kumbe wakati wa haja vishipa hufunguka, na haja ikiisha hufumba tena! Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya udaktari mwaka 1920, hali yeye mwenyewe hakuwa daktari, bali msomi wa elimu ya wanyama.

Yafaa kusema pia pale alipopita kiasi. Alishika kwamba vishipa vile vyembamba hujifunga vyenyewe, kwa chembe zilizovikumbatia. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mabawabu wakubwa ni vishipa vinavyotangulia, vipana kidogo, ambavyo kuta zao zina misuli ya kujikaza na kulegea. Kazi ya zile chembe yachunguzwa hata leo. Tukirudi kwenye mfano wetu, jembe hufanya kazi zaidi penye mfereji, kabla maji hayajafika jarubani.

Mwaka 1922 Krogh alikwenda Marekani kutoa mihadhara katika chuo cha Yale juu ya vishipa hivyo, akafuatana na Marie. Bibi huyu sasa alikuwa daktari mwenye kuwatibu wagonjwa wa kisukari, na ugonjwa huo huo ulikuwa umempata yeye mwenyewe. Kabla ya siku zile haukuwa na dawa. Mtoto aliyeupata alikonda akafa, na mtu mzima alijinyima chakula ili aongeze siku chache. Ndipo waliposikia habari za Toronto, katika Kanada, ambako Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Macleod, walikuwa wamepata dawa itokayo katika kongosho za wanyama. Marie akamhimiza mumewe aende. Akafika Toronto mwezi wa Novemba, akapewa ruhusa ya kuitengeneza insulini huko kwao, na mwezi wa Desemba akarudi Copenhagen. Hakupumzika. Pamoja na daktari Hans Christian Hagedorn alianza kuitoa dawa hiyo katika kongosho za ng'ombe, na mwezi wa Machi, 1923, wagonjwa wa kwanza wa Denmark wakatibiwa. Marie aliishi miaka ishirini baada ya hapo, akafa mwaka 1943.

Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipokuwa wameishika Denmark, mzee Krogh alilazimika kukimbilia Uswidi. Vita ilipokwisha akarudi, akawarudia wadudu wa utoto wake: alimpima nzige arukapo, ajue atumia oksijeni kiasi gani, nzige wa jamii ile ile iliyokula mashamba ya Afrika Mashariki. Alifariki Copenhagen tarehe 13 Septemba, 1949.

Katika miaka hiyo hiyo Mwanza ilipata kituo cha kuchunguza ugonjwa wa matende, na matende ni ugonjwa wa vishipa vya namna nyingine. Damu ipitapo katika vishipa alivyovihesabu Krogh, maji kidogo huvuja nje, nayo hukusanywa na mishipa ya limfu. Thomas Bartholin wa Copenhagen aliieleza mishipa hiyo mwaka 1653, akagombania heshima ya kuivumbua na Olof Rudbeck wa Uswidi. (Wote wawili walikuwa Walutheri, lakini ugomvi wao haukuwa wa kindugu.) Limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake hujikaza yenyewe, kipande baada ya kipande, na ndani yake mna vilango vya kuizuia isirudi chini. Minyoo ya matende, iletwayo na mbu, hukaa humo, ikaitanua mishipa hata vilango visifunge sawasawa na nguvu ya kujikaza ikapungua. Maji yakabaki mguuni. Ndiyo sababu wauguzi humwagiza mgonjwa auoshe mguu kwa maji na sabuni kila siku, aukaushe vema kati ya vidole, auinue alalapo, na kukichezesha kifundo cha mguu, kwa kuwa misuli ya mguu ijikazapo huisaidia mishipa kuyapandisha maji yale.