Mwana wa Rais Kennedy aliyeishi saa 39

PATRICK Bouvier Kennedy, mwana wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa Agosti 7, 1963, katika hospitali ya kambi ya wanahewa ya Otis, Massachusetts, zaidi ya wiki tano kabla ya wakati.

Punde si punde akaanza kutatizika kupumua. Mapafu yake yalipungukiwa na utando wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa kusinyaa kila pumzi inapotoka. Mafuta hayo hutengenezwa ndani ya seli za mapafu, ambamo protini iitwayo ABCA3 huyapitisha hadi kwenye vijihifadhi, yakisubiri kumwagwa nje. Seli za mtoto asiyetimiza miezi huwa bado changa kwa kazi hiyo.

Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wamefichua upungufu huo mwaka wa 1959, ila tiba haikuwapo. Patrick alikimbizwa Boston na kutiwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa. Mamlaka ya babake hayakufua dafu. Alifariki alfajiri ya Agosti 9.

Mwaka wa 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani na wenzake walitangaza kwamba watoto 10 waliotiwa mapafuni dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe walipata nafuu.