Ernest Everett Just, mtoto wa mama wa shimo la fosfati

Wandugu, fosfati ni jiwe la kutengeneza mbolea. Ku Charleston, South Carolina, kule Marekani, walilichimba miaka mingi, na wachimbaji wengi walikuwa Weusi waliotoka mu utumwa, ao watoto wao. Kati yao kulikuwa mama mmoja mjane, Mary Just. Alikuwa mwalimu, lakini shule ikifungwa alienda kufanya kazi mu mashimo ya fosfati. Bwana yake alikufa wakati mtoto wao Ernest, aliyezaliwa tarehe 14/8/1883, alikuwa na miaka 4 tu. Sisi wa sendika tunamtaja mama kwanza, makusudi: profesa anasifiwa, shimo lililomlisha linasahauliwa. Mama yule aliwasukuma hata majirani wanunue udongo, wakajenga mji wao, ukaitwa Maryville kwa jina lake.

Alimtuma mtoto kusoma mbali, ku kaskazini. Ernest alimaliza miaka 4 ya sekondari kwa miaka 3. Mama alifariki mbele ya kuiona ile diploma. Mwaka wa 1903 akaingia Dartmouth, ambako Weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Moyo ulianza kuvunjika. Kisha akasoma juu ya yai: namna gani kitu kidogo, bila macho bila mikono, kinajigawa mbili, ine, nane, mpaka kinatoka kiumbe kizima. Njo pale biolojia ilimshika. Mwaka wa 1907 alitoka na sifa kubwa.

Na sifa zote zile, univesite kubwa za Wazungu hazikumpa kazi ya profesa. Alifundisha Howard, univesite ya Weusi mu Washington, na kuanzia 1909 karibu kila majira ya joto alienda Woods Hole, pembeni ya bahari, kuchunguza mayai ya funza wa bahari na ya wanyama wenye miiba. Mwaka wa 1912 alionyesha kwamba mu yai la funza mmoja, pahali mbegu ya dume inapoingia njo panapoamua mstari wa kujigawa kwa mara ya kwanza. Tena aliona kwamba mbegu moja ikiingia, ngozi ya yai inabadilika kuanzia pale pale mpaka kuzunguka yai lote, na mbegu zingine zinakuta mlango umefungwa. Wengine walitazama tu kiini cha ndani. Yeye alisema ngozi nayo inafanya kazi. Vyombo vyake vilikuwa safi kabisa, yai halikuteswa. Wazungu wenye jina walimwendea awaonyeshe namna ya kulishika.

Chicago ilimpa udaktari mwaka wa 1916, lakini milango ya kazi ilibaki vilevile. Kuanzia 1929 alipata heshima zaidi ku Ulaya: Naples, Berlin, kisha Ufaransa. Kitabu chake kikubwa juu ya ngozi ya seli kilitoka 1939. Mwaka wa 1940 Wajerumani waliingia Ufaransa, wakamfunga mu kambi. Alipoachiliwa alirudi Washington, ku Howard ile ile, mwili umekwisha kuchoka. Kansa ilimuua tarehe 27/10/1941, akiwa na miaka 58. Mwaka wa 1996 posta ya Marekani ilitia sura yake ku tembre.